Kabla hatujaongeza viti, tuzungumze habari ya chumvi

Fundi Nondo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa, na habari za kwenu nyote.

Tangu Septemba 2023 ilipotangazwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON ya 2027, vijiwe vya kahawa hapa mjini Unguja mazungumzo ni viti tu. Wangapi wataingia, uwanja wa Amaan upandishwe juu au uachwe, Fumba kujengwe uwanja mkubwa zaidi au pesa zirudi mjini. Juzi nilikaa barazani Kwahani baada ya Isha, watu wazima wakakaribia kukosana kwa hesabu ya viti. Nilinyamaza kwa sababu neno langu ni refu, na barazani neno refu hukatwa katikati. Ndiyo nimelileta huku.

Mie ni fundi wa nondo. Mwaka wa 19 sasa nafunga chuma katika saiti za Unguja, mjini na shamba. Sikusoma uhandisi chuoni, lakini nimesimama na wahandisi wengi, nimesoma ramani zao, na nimerudi kuzitazama nyumba nilizozijenga miaka kumi nyuma. Huko kurudi ndiko kulikonifundisha.

Amaan imejengwa 1970 kwa msaada wa China. Ikafanyiwa ukarabati mkubwa 2010, kwa msaada wa China tena. Halafu 2023 ikafungwa, kampuni ya Orkun ya Uturuki ikaingia, na tarehe 27 Disemba mwaka ule Rais Mwinyi akaifungua upya. Usiku ule Zanzibar ilicheza na Bara, sare ya 0–0, na nakumbuka watu walikuwa wanatazama paa na taa kuliko mpira. Wiki mbili tu baadaye Mlandege wakamfunga Simba 1–0 fainali ya Kombe la Mapinduzi. Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano ikachezwa hapo hapo. Agosti 2025 CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani: Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo Brazzaville, mechi za kundi lao karibu zote zilikuwa kwetu. Nigeria kapigwa 4–0 na Sudan mbele ya macho yetu.

Uwanja wa watu elfu 15 umebeba mambo hayo yote ndani ya miaka miwili. Naona fahari kulisema hili.

Sasa njoo kwenye chumvi. Kisiwa chetu hakina pahala pa kuukimbia upepo wa bahari. Kaskazi ikivuma, kusi ikivuma, hewa ina chumvi, na chumvi ile hutua juu ya kila kitu: bati, bomba la reli ya ngazi, miguu ya viti, boliti za nguzo za taa. Kwenye chuma kilicho nje utaiona kutu mapema ukapaka rangi. Hatari ni kile chuma kilicho ndani ya zege. Zege lina vitundu vidogo usivyoviona, na chumvi hupita humo taratibu, miaka na miaka, mpaka iifikie nondo. Nondo ikianza kula kutu huvimba. Kutu ni nene kuliko chuma iliyotoka kwacho, kwa hiyo inasukuma, na zege halijui kunyooka kama mpira. Linapasuka. Kwanza ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, halafu doa la rangi ya chai, halafu siku moja kipande kinaanguka.

Dawa yake inajulikana na haina siri. Nondo ikae mbali na uso wa zege. Kwa ukuta wa ndani unaweza kuridhika na sentimita 2 au 2.5. Kwa jengo lililo karibu na bahari ni 4 mpaka 5. Sisi saiti tunaweka biskuti, vile vipande vya zege vya kuinua nondo isiguse boksi la mbao linalomiminiwa zege. Biskuti ni kitu kidogo, mtoto wa fundi anazitengeneza kwa mchanga na saruji asubuhi moja. Na ndicho kitu cha kwanza kurukwa watu wakikimbizwa.

Nina kisa changu. Kuna hoteli upande wa mashariki, jina lake sitalitaja, niliwahi kufunga nondo za roshani zake. Siku ya kumwaga zege biskuti hazikutosha. Nikasema, nikaambiwa lori la zege linangoja, endelea. Nikaendelea. Mwaka wa sita nikapita pale, roshani mbili zimefungwa kamba watu wasisimame. Mkono wangu ulikuwemo mle. Usingizi wa usiku ule ulikuwa mgumu kuupata.

Basi nikisikia "tuongeze viti", mie naona kila kiti kipya kina boliti zake na kila ngazi mpya ina reli yake. Nani atakayeviosha? Nani atakayepanda kukagua nguzo za taa kila baada ya masika? Ukarabati mkubwa tumeshaupata mara mbili, na ukarabati mkubwa huja na mgeni na huondoka na mgeni. Ninachokililia ni kikosi cha kudumu cha mafundi wa hapa hapa, wenye mshahara, wenye daftari, na fungu lao likatwe kwenye kila tiketi kabla pesa haijaenda kwengine.

Karibuni tuzungumze.

Kijana wa Mpendae

Fundi, heshima yako. Ila mie sikubaliani nawe kuweka viti nyuma.

Ile fainali ya Simba na Berkane ilikuja kwetu kwa sababu uwanja wa Mkapa haukuweza kutumika wakati ule. Mkapa unaingiza watu elfu 60. Hapa elfu 15. Watu wamevuka na boti kutoka Dar saa mbili baharini, wamefika Malindi bandarini na jezi zao, na wengi hawakuingia. Nimekaa nje na watu waliolia. Matokeo yakawa 1–1, Simba akalikosa kombe kwa jumla ya 3–1, lakini wale waliobaki nje hata hilo goli la Simba walilisikia kwa kelele tu.

Tungekuwa na elfu 35 siku ile, madereva, wapika urojo, wenye nyumba za kulala wageni, kila mtu angekula. Na mashindano makubwa hayatakuja mara mbili kama hatuna pa kuyaweka. Chumvi ni kweli, lakini usitutishe nayo tukaacha kujenga.

Mtoto wa Chake

Salaam kutoka kisiwa cha pili, ambacho naona hakijatajwa.

Yakhe, mnazungumza Amaan na Fumba kama kwamba Zanzibar inaishia Nungwi. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lote limechezwa huku Pemba, uwanja wa Gombani. Timu za taifa. Fainali tarehe 13, Zanzibar 2, Burkina Faso 1. Mie nilikuwepo. Watu wametoka Micheweni, wametoka Mkoani, wengine juu ya gari za mizigo, na walioshindwa kuingia wamekaa juu ya miti na mapaa. Mzee mmoja kando yangu alikuwa anafuta machozi kwa kofia yake, kwa sababu alisema hakutaraji kuishi mpaka aone timu ya taifa inabeba kombe Pemba.

Basi tukiongea kupanua, nami naomba Gombani iwemo katika sentensi. Si kila jambo lisubiri boti ya kwenda Unguja.

Fundi, hayo ya chumvi nimeyaelewa sana. Baba yangu mvuvi. Anajua chuma kinavyokwenda.

Mama wa Magomeni

Nami niseme kidogo, na mnisamehe nikitoka nje ya nondo.

Mie ni mpenzi wa mpira tangu msichana. Nawapeleka wanangu watatu Amaan kila Mapinduzi. Mnahesabu viti, lakini hamjahesabu vyoo. Mwanamke mwenye mtoto mdogo, mechi ya saa 10 jioni, halafu kuna ya saa 2 usiku, unataka kubaki. Katikati kuna Magharibi. Unahitaji maji ya kutawadha, unahitaji pahala pa kusimama uswali bila ya kukanyagwa, unahitaji choo ambacho foleni yake haikumalizii kipindi cha pili. Uwanja wa elfu 15 ukiwa na wanawake elfu 4, piga hesabu mwenyewe.

Na ngazi. Mama yangu ana miaka 70 na anapenda mpira kuliko mie. Ngazi zile ndefu zinamvunja magoti. Viti vya chini ambavyo mtu anaviingia bila kupanda viwe vingi, na viwe vya wazee na wenye viti vya magurudumu, wala si vya wakubwa peke yao.

Mkinipa nichague baina ya viti elfu 10 zaidi na haya niliyoyasema, nachagua haya.

Fundi Nondo

Mama wa Magomeni, hujatoka nje hata kidogo. Maji na nondo ni ndugu. Choo kinachovuja juu ya slebu nacho kinaiua nondo, kwa sababu zege halipati kukauka. Kila chumba cha maji kikipangwa tangu mwanzo, bomba zake zinapita kwenye njia yake, ukuta unazuiliwa maji. Kikibandikwa baadaye, fundi bomba anatoboa zege pahala pa hovyo na anakata chuma njiani. Wanaochora wangekusikiliza wewe kabla ya kunisikiliza mie.

Kijana wa Mpendae, sikukatazi kujenga. Mie nakula kwa kujenga. Lakini kuna jambo watu hawalijui juu ya kupanua uwanja wa zamani, acha nilieleze kidogo.

Watu wanafikiri jukwaa linaongezwa kama ghorofa ya nyumba: unainua nguzo juu ya zilizopo. Jukwaa la 1970 lilipigiwa hesabu ya mzigo wa 1970. Misingi yake ilichimbwa kwa mzigo ule. Ukitaka safu za juu, lazima usimamishe nguzo mpya nyuma ya jukwaa la zamani, na misingi yake wenyewe, na uache mwanya kati ya kipya na kikuukuu ili kila kimoja kitikisike kivyake. Maana watu elfu 10 wakiruka pamoja goli likiingia, zege linacheza, hata kama wewe uliyesimama juu yake hulisikii. Ukivifunga pamoja, ufa utachagua wenyewe pa kupita.

Halafu kuna macho. Uwanja wa kuchezea ni mita 105 kwa 68. Ukiwa na njia ya riadha ya mita 400 kuuzunguka, mtazamaji tayari yuko mbali. Ukimpandisha juu na nyuma zaidi, unamuuzia tiketi aangalie chungu wanakimbia. Kila safu lazima ipande zaidi kidogo kuliko iliyo mbele ili mtu aone juu ya kichwa cha mwenzake, kwa hiyo jukwaa linazidi kusimama wima, na mama yake Mama wa Magomeni hatafika huko kamwe.

Na kutoka. Wahandisi wa viwanja wana kipimo chao: kila mtu awe ameshatoka jukwaani ndani ya dakika 8. Ukiongeza watu bila kuongeza milango na upana wa ngazi, umetengeneza mtego. Amaan iko katikati ya mitaa, kuna nyumba, kuna maduka, kuna barabara kubwa. Watu elfu 30 wakitoka saa 4 usiku wataelekea wapi? Kwa sababu hiyo mie, tukitaka kikubwa, naona Fumba ina mantiki. Ardhi ipo, unachora kutoka mwanzo. Ila Fumba ni rasi. Bahari iko pande tatu. Chumvi huko nayo haitakuacha.

Mzee wa Sebleni

Wanangu, nimewasoma.

Mie nilikuwa kijana mdogo Amaan ilipofunguliwa. Tulikuwa tunaenda kwa miguu, tunakaa juu ya zege tupu, jua la saa 9 linachoma mpaka unanyanyua makalio kwa zamu. Hakuna aliyelalamika. Ulikuwa uwanja wetu na ulikuwa mpya.

Nawapa jambo moja la kulifikiri. 1995 tulibeba Kombe la Challenge, lile la Afrika Mashariki na Kati, huko huko Uganda. 2017 tukafika fainali Kenya, tukatoka 2–2, tukashindwa kwa penalti. Mwaka huo huo wa 2017, mwezi Machi, tuliingizwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kuwa wanachama kamili, na Julai tukatolewa. Miezi minne. Nilichinja mbuzi Machi.

Nasema hivi kwa sababu kombe la 1995 halikutokana na viti. Ligi yetu wakati ule ilikuwa na watu. Klabu ya Malindi na wenzao wakicheza siku ya kawaida, uwanja unajaa. Leo nenda Amaan mechi ya ligi yetu, tuseme klabu za KVZ na Zimamoto, Jumatano jioni. Utasikia kocha anavyomgombeza beki wake, neno kwa neno. Kiti kisichokaliwa huharibika upesi, kama nyumba isiyokaliwa.

Winga wa Daraja la Kwanza

Mzee shikamoo. Mie nacheza ligi ya daraja la kwanza, na nimesikia uliyosema, yanauma kwa sababu ni ya kweli.

Nataka kumuuliza Fundi habari ya nyasi bandia. Viwanja vingi sasa vinawekwa hizo. Sisi wachezaji tunazipenda wakati wa masika, hakuna tope, mechi haiahirishwi. Lakini jua la Februari, saa 10, miguu inaungua ndani ya viatu. Ukianguka na kuteleza, ngozi ya goti inabaki pale. Na zikishazeeka, zile chembe nyeusi za mpira zinapungua, chini panakuwa pagumu, magoti yanagonga. Je, nazo chumvi inazila?

Fundi Nondo

Mchezaji wetu, nyasi zenyewe ni plastiki, chumvi haizili. Zinazeeshwa na jua. Joto unalolisikia ni kweli, plastiki na zile chembe nyeusi zinashika joto kuliko majani yanayopumua maji. Kumwagia maji kabla ya mechi kunasaidia, lakini joto hurudi upesi.

Kinachoua nyasi bandia ni watu kudhani kuwa hazitaki kazi. Zinataka kuchanwa kwa brashi mara kwa mara ili zisilale upande mmoja. Zinataka chembe ziongezwe, hasa mbele ya magoli na pale penye kona, mnapokanyaga sana. Zinataka kufagiwa majani ya miti na mchanga usizibe matundu ya kupitishia maji. Uwanja unaotunzwa hivyo unaweza kufika miaka 8 hadi 10. Usiotunzwa, mwaka wa nne mnacheza juu ya sakafu.

Nyasi za asili nazo zina dai lao: maji mengi, na maji yetu ya visima karibu na pwani yana chumvi. Unamwagilia, jua linakausha, chumvi inabaki juu. Kwa vyovyote utakavyochagua, kuna mtu anatakiwa awepo pale kila siku asubuhi na brashi au mpira wa maji.

Mzee wa Sebleni, shikamoo. Hilo la kiti kisichokaliwa nitalibeba. Na ndipo nilipobadilika kidogo tangu nianze uzi huu. Nilikuja na daftari la mafundi tu. Sasa naona kikosi cha matunzo kinataka ligi iliyo hai, kwa sababu tiketi ya Jumatano ndiyo inayonunua rangi ya Alhamisi. Fainali moja kwa mwaka hailipi mshahara wa mtu wa kufagia.

Kijana wa Mpendae

Mzee, sikujua habari ya mbuzi wa Machi. Pole sana.

Fundi, hapo umenipata. Mie huwa naenda mechi za Simba na Yanga wakija, na Mapinduzi. Ligi yetu mara ya mwisho sikumbuki. Nakaa Mpendae, ni mwendo wa kutembea. Ila bado nataka Fumba ijengwe, na nataka ijengwe na biskuti zake zote.

Muuza Kahawa

Mie nauza kahawa na kashata nje ya uwanja. Nina ombi tu: wachoraji watuwekee pahala petu, kivuli na bomba la maji. Mechi ya ligi nauza dele moja. Mechi ya Mapinduzi nauza manne. Watu wa ligi wakija, nami nitakuwepo Jumatano.

Mtoto wa Chake

Fundi, kuna uwanja wa mtaa karibu na skuli yetu huku Pemba. Hauna jukwaa, una reli za chuma za kuzuia watazamaji na milingoti miwili ya taa tuliyochangishana vijana. Baada ya kukusoma nimeenda kuangalia. Chini kabisa, pale chuma kinapoingia kwenye zege, rangi imenyanyuka kama gamba la samaki. Nikikwaruza kwa ufunguo unatoka unga mwekundu. Tufanye nini, nasi hatuna mkandarasi?

Fundi Nondo

Hapo chini ndipo panapoanza siku zote, kwa sababu maji ya mvua yanakaa kwenye kishimo.

Kwanza chukua nyundo ndogo, gonga mlingoti wote kuanzia chini mpaka urefu wa kifua. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa kinatoa sauti ya kopo. Ukisikia kopo, zima umeme, weka kamba, mtu asikae karibu, na mlingoti uteremshwe kabla ya upepo wa kusi. Hapo msikisie.

Kama umelia vizuri, osha kwa maji matamu, maji ya mvua ni bora, si ya kisima cha pwani. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe. Kausha siku ile ile. Paka rangi ya zinki mikono miwili, halafu ya juu mikono miwili. Kisha lile zege la chini liinuliwe kidogo mfano wa kichuguu, limiminike nje, maji yasikae tena. Fanyeni kabla ya vuli.

Kila kitu mkiandike: tarehe, nani kafanya, rangi gani. Daftari la skuli linatosha.

Mtoto wa Chake

Tumegonga jana baada ya Alasiri. Mmoja umelia. Wa pili, upande wa goli la kaskazini, ni kopo. Tumeshaufunga kamba na tumezima taa zake. Vijana 11 wamejitokeza Ijumaa kuuteremsha.

Fundi Nondo

Msiuteremshe bila mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Nitapanda boti Alhamisi, nifike Mkoani mchana inshaallah. Nakuja na brashi nne na kopo la zinki. Nitafutieni ngazi ndefu na kamba ya katani, mpya.